Hatua Sitini

Ijumaa, 4 Novemba 2016

Daftari hili nimelinunua leo Shumaisi, mjini Riyadh, kwenye duka la kadi za simu. Bosi alitushusha huko saa nne, mimi na mwenzangu wa kazi Mzee Vuai, akatupitia saa nane. Nimeamua kuandika kwa sababu Mzee Vuai amenikuta mara mbili nikizungumza peke yangu kwenye banda, na mara ya pili hakucheka.

Basi niandike tangu mwanzo. Mimi ni Silas Wafula, wa Bungoma. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Ajenti wa Nairobi alinipa mkataba ulioandikwa "karani, Bandari ya Jeddah". Huku ni shamba, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Riyadh, na kazi yangu ni kulisha bata mzinga. Ni mwezi wa tatu sasa. Pasipoti yangu iko kwenye sefu ya bosi. Mke wangu Asumpta amewaambia watu wa kanisani kwamba niko bandarini. Sijamsahihisha.

Bata mzinga wako mia moja na arobaini. Bosi Nayef alisoma Amerika miaka sita, akajifunza huko kuwawinda. Aliporudi kwao akakuta hakuna, akaagiza vifaranga. Mwezi wa Februari tutawafungulia kwenye mitende, waje wageni na bunduki.

Bosi Nayef si mtu mbaya. Chakula tunapata. Hapigi mtu.

Jumatatu, 7 Novemba

Vumbi kutwa nzima. Bata watatu wamekufa.

Ijumaa, 11 Novemba

Leo nimepewa kazi mpya. Bosi amekuja na bunduki ya marisau aliyoileta kutoka Amerika. Haitoi risasi moja, inatoa chembe kama mbegu za mtama, mamia kwa mpigo. Zikitoka mtutuni zimeshikana, na kadiri zinavyokwenda ndivyo zinavyotawanyika. Bata mzinga hafi kwa kupigwa mwilini, manyoya ni mazito. Lazima kichwa na shingo. Kwa hiyo mwindaji anatakiwa ajue ni umbali gani chembe bado zimeshikana vya kutosha, na zaidi ya hapo asifyatue.

Nimesimamisha fremu ya mbao, nikaigongomea karatasi ya kufungia nyama, nikachora duara la upana wa sahani na ndani yake kichwa cha bata. Bosi amepiga akiwa hatua thelathini, halafu arobaini, hamsini, sitini. Kila mara karatasi mpya. Kazi yangu ni kuhesabu matundu yaliyoingia ndani ya duara, kuandika idadi chini, tarehe, na kutia sahihi.

"Mia moja," alisema. "Mia moja ndani ya duara, ndege anakufa papo hapo. Chini ya mia, anateseka."

Hatua thelathini: 171. Arobaini: 112. Hamsini: 58. Sitini: 23.

Nimefurahi, niseme kweli. Tangu nifike Saudia ni mara ya kwanza mtu kunipa kalamu.

Ijumaa, 18 Novemba

Thelathini: 168. Arobaini: 109. Hamsini: 61. Sitini: 19.

Bosi amebadilisha kile kipande cha chuma kinachobana mdomo wa mtutu. Hakikusaidia. Nilimwambia, "Bosi, bunduki hii ni ya hatua arobaini." Nilisema kwa heshima kabisa. Akanitazama kama vile nimemtukana mama yake.

Mzee Vuai ndiye aliyenieleza jioni. Yeye ni mpishi, Mzanzibari wa Makunduchi, ana miaka kumi na moja nyumba hii na anaelewa kila wanachosema mezani. "Yakhe, hilo neno arobaini usilitaje tena. Binamu ya bosi, Mutlaq, humcheka kila wakikaa. Bosi amewaambia wote kule barazani kwao kwamba Amerika alikuwa akiangusha ndege kwa hatua sitini. Sasa Februari wanakuja kumtazama."

"Lakini hesabu ndiyo hiyo, mzee."

"Hesabu yako nzuri. Mie nakwambia habari za watu, si za hesabu."

Ijumaa, 25 Novemba

Mvua ya kwanza. Jangwa lote lilinuka kama udongo wa nyumbani, nikaingia bandani nikakaa na bata mpaka ilipokatika. Hakuna kupiga.

Ijumaa, 2 Desemba

Risasi mpya, za bei kubwa. Arobaini: 118. Hamsini: 66. Sitini: 27.

Bosi alihesabu mwenyewe ya sitini, akapata 26. Akanirudishia karatasi, akasema hajui kwa nini wanamletea watu wasiojua kuhesabu.

Ijumaa, 9 Desemba

Leo nilimwomba. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, maneno nimeyapanga kwa Kiingereza. Nikamwonyesha mkataba wa ajenti, nikamwambia mimi ni karani, kazi hii ya bata mtu yeyote anaweza.

Hakukasirika. Alikaa juu ya boneti ya gari, akasoma ule mkataba mpaka mwisho. "Shemeji yangu yuko bandarini Jeddah," akasema. "Anatafuta watu wa kuandika makasha. Naweza kukuhamishia kwake, ikama yako ya ukaazi na kila kitu. Sahihi moja tu."

Nikasema asante bosi, Mungu akubariki.

"Baada ya msimu," akasema. Halafu akanyoosha kidole kwenye fremu. "Nipatie sitini, Silas. Ukinipatia sitini, nitatia sahihi siku hiyo hiyo wageni wakiondoka."

Nilimsimulia Mzee Vuai. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. "Marisau hayajui ahadi," akasema.

Ijumaa, 16 Desemba

Sitini: 22.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna aliyejua isipokuwa Mzee Vuai, ambaye ni Mwislamu safi. Amenipikia mkate wa kumimina, akauleta bandani umefunikwa kwa kitambaa. "Leo sikukuu yenu," akasema. "Mtu hawezi kukaa na sikukuu yake peke yake." Tulikula pamoja. Akanieleza kuhusu binti yake wa mwisho, anayeolewa mwezi wa saba, na kwamba amekwisha amua: harusi hiyo ndiyo kwaheri yake na Saudia. Anataka kuona bustani yake ya vanila. Kasema "kuona" hivyo hivyo, nami sikuona chochote katika neno lile.

(Mstari huo wa mwisho nimeuongeza leo, Machi.)

Ijumaa, 30 Desemba

Sitini: 24. Baridi kali, vidole vinakataa kushika kalamu. Asumpta anauliza lini nitatuma picha nikiwa na meli nyuma yangu.

Ijumaa, 6 Januari 2017

Nimefanya kitu.

Bosi alipiga moja tu, ya hatua sitini, kisha adhana ikasikika kwenye simu yake akaenda msikitini na Mzee Vuai. Aliniacha na karatasi. Nikahesabu: 25. Nikahesabu tena, 25. Nikaketi chini mbele ya ile fremu. Hapakuwa na mtu. Kwenye ubao palikuwa na msumari uliochomoza nusu, niliutumia kugongomea karatasi. Ukachomoka kwa mkono tu.

Nilianza na tundu moja karibu na jicho la bata, kuona linafananaje. Lilifanana. Nikaweka lingine kwenye shingo. Nilikuwa nikiyatawanya vizuri, mengine kwenye ukingo wa duara ili yasionekane yamepangwa. Nadhani sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule tangu niondoke kwenye mizani. Nilipofika 104 nikasimama, kwa sababu mia kamili ingeonekana uongo.

Bosi aliporudi alihesabu mpaka sabini hivi, akaacha. Akanibusu kwenye paji la uso. Alinukia udi. Alikuwa na furaha ya mtoto, anaipiga karatasi kwa kiganja, anamwita Mzee Vuai aje aone: "Mia moja na nne! Sitini! Silas amehesabu!"

Mzee Vuai akasema mashallah.

Nilijiambia kwamba wa kudhurika ni ndege, na ndege watakufa tu. Bado najiambia.

Jumamosi, 7 Januari

Karatasi imewekwa kwenye fremu ya kioo barazani kwa wageni. Sahihi yangu inaonekana ukiwa mlangoni.

Ijumaa, 20 Januari

Bosi hapigi tena kwenye karatasi. Anasema hakuna haja.

Jumatano, 1 Februari

Ananiita "karani" sasa. Ameniletea koti lake la zamani. Nilikuwa nimeandika kwamba si mtu mbaya; leo nafikiri ni mtu wa kawaida anayetaka kusifiwa, na mimi ni mtu wa kawaida anayetaka kuondoka, na hatari yetu ni kwamba tumekutana.

Ijumaa, 10 Februari

Tumewafungulia bata. Waliingia kwenye mitende wakisitasita, wengine wakarudi mlangoni mwa banda kunisubiri na chakula. Nimewafukuza kwa fimbo.

Mzee Vuai amepangiwa kazi ya kisu. Ndege akianguka bado hai, aende amchinje. Nimetaka kumwambia habari za ule msumari. Nimefika hadi jikoni. Alikuwa akinoa kisu na kuimba kasida, nikaomba chumvi, nikaondoka nayo.

Ijumaa, 17 Februari

Niandike yote, hata kama itanichukua mpaka asubuhi.

Wageni walikuwa saba. Mutlaq alikuja na bunduki yake, lakini kila mtu alijua kwamba wamekuja kumwona Nayef. Walikunywa kahawa barazani, wakasimama mbele ya karatasi yangu mmoja mmoja. Mutlaq aliuliza nani ni Silas. Nikainua mkono. Akasema, "Wewe umehesabu?" Nikasema ndiyo.

Bata wa kwanza alitokea pembezoni mwa mitende, dume kubwa, nilimjua kwa kilema chake cha kidole. Bosi angeweza kusogea. Palikuwa na tuta la mchanga mbele yake, angejificha nyuma yake akafika mpaka hatua arobaini. Lakini alisimama palepale, akawaambia wageni wahesabu umbali kwa macho, wakakubaliana kuwa ni sitini. Akafyatua. Dume lilipinduka, wageni wakapiga kelele, halafu likainuka. Bawa moja linaburuta. Likaanza kuzunguka pale pale.

"Vuai! Yalla!"

Mzee Vuai akakimbia na kisu, kanzu ameikusanya mkononi. Alipolikaribia, ndege akaruka pembeni, akaanguka, akaruka tena. Mzee ana miaka hamsini na minane. Wageni wakaanza kucheka. Nikamwona bosi uso umembadilika kwa kile kicheko, akatia risasi nyingine.

"Simama hapo hapo, Vuai!" akaita. "Nitalimaliza mimi!"

Mzee Vuai alisimama. Palikuwa na hatua tatu kati yake na yule ndege. Akauliza kwa sauti, "Bosi, nirudi nyuma?"

"Mafi mushkila, hakuna shida! Chembe zimeshikana, mia na nne kwenye sahani! Silas amehesabu!"

Mzee Vuai akanitazama. Nilikuwa nyuma ya bosi, kando kidogo, na macho yetu yalikutana waziwazi. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyomuuliza mwenzake kama chai ina sukari. Nilikuwa na karatasi zote za sitini kichwani mwangu, 23, 19, 27, 22, 24, na matundu yaliyosambaa nje ya duara mpaka kwenye pembe za karatasi na mengine kwenye mbao za fremu. Nilijua upana wake. Hapana mtu mwingine duniani aliyeujua kama mimi.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Bosi akafyatua. Ndege hakufa. Alikimbilia ndani ya mitende, na mpaka sasa sijui yuko wapi. Mzee Vuai aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akaweka kisu kando yake, akajishika uso.

Nilikuwa wa kwanza kufika. "Mzee," nikasema. "Mzee Vuai."

"Silas, ni wewe? Naona wekundu tu." Kisha akasema, "Mwambie bosi asiogope, ni kidogo." Damu ilikuwa ikipita kati ya vidole vyake. Hilo ndilo alilosema, asiogope.

Tulimfunga kilemba, tukampakia. Bosi aliendesha mwenyewe mpaka hospitali Riyadh, analia, anapiga usukani. Nilimshika Mzee Vuai nyuma. Njia nzima alisoma Kurani kwa moyo, na alipokosea aya alirudi nyuma akaanza upya.

Jumamosi, 18 Februari

Chembe tatu: sikio, shavu, jicho la kushoto. La kushoto wamelitoa. La kulia lina uvimbe na damu ndani, wamelifunga, hawasemi kitu.

Jumatatu, 20 Februari

Kituo cha polisi. Bosi amenyoa, amevaa vizuri, macho mekundu. Ile karatasi alikuja nayo, na kioo chake. Alimweleza afisa kwamba chembe za bunduki ile zinashikana, kwamba kwa umbali ule mtu aliye hatua tatu kando ya ndege hawezi kuguswa. Basi lazima mzee alisogea.

Afisa akaniuliza kwa utulivu, kalamu ikiwa mkononi.

"Hii sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Umehesabu mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na yule mtu, alisogea?"

Bosi hakunitazama. Angenitazama kwa vitisho, labda ningesema ukweli. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alisogea," nikasema.

Wakaandika kwa Kiarabu na Kiingereza. Nikatia sahihi nyingine.

Alhamisi, 2 Machi

Bosi ametia sahihi ya uhamisho. Hakunipa mkono. Nafikiri hawezi tena kuniona, kama mimi nisivyoweza kumwona yeye. Alisema, "Halas, Silas, basi," mara mbili, akaingia ndani.

Jumapili, 5 Machi

Jeddah. Nimeteremka kwenye basi mtaa wa Kandara. Chumba cha watu sita juu ya duka la vyombo vya plastiki. Joto la hapa linashika ngozi kama nguo mbichi. Shemeji wa bosi ni mtu wa maneno machache. Kesho naanza bandarini.

Jumanne, 7 Machi

Naandika namba za makasha. Meza yangu, kiti changu, kalamu mbili. Bahari inaonekana kati ya kreni.

Jumapili, 12 Machi

Nimetuma picha. Meli nyuma yangu.

Ijumaa, 17 Machi

Mzee Vuai alipiga simu asubuhi. Nilipoiona namba nilitaka kuizima. Yuko Kandara, kasema, nyumba ya kulala wageni nyuma ya kituo cha zamani cha basi. Tikiti waliyomkatia ni ya ndege ya kutoka Jeddah, kesho. "Sina mtu mwingine hapa mjini. Njoo uniangalie, Silas."

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kanzu safi. Upande wa kushoto pamba na plasta. La kulia limefungwa vilevile. Amekonda. Alinyoosha mkono kuelekea mahali ambapo sikuwa, nikazunguka nikaupokea.

Aliuliza habari za bandarini. Akasema alhamdulillahi, angalau mmoja amefika alikokusudia. Kisha akatoa bahasha chini ya mto.

"Walinitia dole gumba juu ya karatasi hii pale hospitali. Nilikuwa nimefungwa macho yote. Mie nasoma Kiarabu, lakini nisome kwa nini sasa? Nisomee wewe hapo penye Kiingereza, unifasirie. Nataka nijue nimekubali nini kabla sijaondoka nchi ya watu."

Ilikuwa taarifa yangu. Kurasa mbili. Chini kabisa dole gumba lake la bluu, na juu yake sahihi yangu.

Ningeweza kumsomea kitu kingine. Hilo nililifikiria, niandike hivyo. Nilikuwa hodari wa kujaza karatasi. Lakini nilisoma. Nilisoma kwamba Silas Wafula, karani, alihesabu chembe mia moja na nne. Kwamba bunduki ilijaribiwa vya kutosha. Kwamba majeruhi alionywa asimame, akasogea. Mstari wa mwisho, juu ya dole gumba, ulisema amesamehe na hana dai.

Chini mtaani watu walikuwa wakibishania bei ya sufuria.

"Nilisogea?" akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu asiyeamini kumbukumbu yake. "Mwezi mzima najiuliza pale kitandani. Nimesimama, nikasimama... Labda mguu uliteleza. Silas, wewe ulinitazama. Nilisogea?"

"Hukusogea, mzee."

Nikamwambia. Msumari, adhana, ishirini na tano, mia na nne. Nikamwambia kwamba aliponitazama nilijua. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama, sikuthubutu kuketi kitandani pake. Nikamwambia twende kituoni sasa hivi, hapa Jeddah, niseme upya, wanikamate.

Mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka, unalinyoosha.

"Nikibaki kufuata kesi, miezi mingapi? Miaka?" akasema. "Nani atanishika mkono kwenda chooni? Wewe? Daktari kasema hili la kulia litafunguliwa mwezi huu. Ama litaona, ama halitaona. Nataka lifunguliwe kwetu."

"Basi nitakwenda peke yangu, niwaambie."

"Nenda. Usende. Hilo lako." Akageuza uso ukutani, ingawa hakuwa anaona ukuta. "Nimekula na wewe, Silas. Hata sikukuu yako nimeila na wewe."

Nikaikunja taarifa, nikairudisha kwenye bahasha.

"Nyumbani nitawaambia ajali. Sitawatajia jina lako, usije ukadhani nakuhifadhi. Sitaki liingie nyumbani mwangu. Na usiniandikie."

Jumamosi, 18 Machi

Nilikwenda alfajiri nimsaidie mizigo. Mwenye nyumba alisema mzee aliondoka tangu usiku, aliomba teksi mapema. Alishuka ngazi peke yake, anashika ukuta.

Mchana niliomba ruhusa, nikaenda kituo cha polisi kilicho karibu na bandari. Nilieleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu changu kibovu. Kijana wa mapokezi alipiga simu Riyadh, akasubiri, akasikiliza. Akaniambia faili limefungwa, majeruhi amesamehe na amesafiri, mafi mushkila. Nikasema tatizo lipo, tatizo ni mimi. Akaitazama ikama yangu, akaniuliza kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, anajua kwamba niko hapa saa za kazi? Akanirudishia.

Nimerudi bandarini. Nimeandika makasha mpaka saa kumi na mbili.

Jumapili, 19 Machi

Asumpta amepiga baada ya ibada. Ile picha ya meli imepitishwa kiti kwa kiti. Mchungaji amemsimamisha mbele atoe ushuhuda jinsi nilivyovumilia mpaka Mungu akanifikisha nilikoahidiwa, na kanisa zima limepiga makofi. Aliniinulia simu juu nisikie watu wakinisalimia.

Kisha akaondoka kwenye kelele, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Emily, mbona kama hufurahi?"

Nikamwambia ni joto. Nikamwambia Jeddah ina joto sana.